Wazee wetu wamemaliza Kongo

Kwa wazazi wangu pale Bangwe, Kigoma, kuna saa ya ukutani sebuleni, ile nyeupe ya plastiki ya kawaida tu, na iko nyuma kwa saa moja. Kila mgeni akiingia atasema Mama Mchungaji saa yenu inachelewa, na mama atajibu haichelewi, alafu ataendelea kumimina chai. Ile ni saa ya Kalemie. Ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka kwetu kwenda ng'ambo unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja, wenzetu kule wanafuata majira ya Lubumbashi, na mama yangu ameishi na majira hayo miaka sita na miezi mitano, na waliporudi mwezi wa saba 2024 aliitundika ile saa kabla hajafungua begi hata moja.

Nimetaka kuandika hii tangu siku ile na nimekuwa nikiahirisha maana kila nikianza machozi yananitoka, basi leo naandika hivyo hivyo.

Wazazi wangu ni wamisionari. Najua ukisoma neno hilo picha inayokujia ni mzungu, kofia, Land Rover, nyumba ya mawe yenye bati jekundu na mjakaranda mbele. Hata mimi nimekua na picha hiyo hiyo kwa sababu kanisa letu la Kilutheri ndivyo lilivyoletwa, Wajerumani walifika Dar es Salaam 1887 na baada yao wakaja wengine wa mataifa mbalimbali, na mpaka namaliza sekondari nilikuwa sijawahi kusikia mtu wa kwetu akiitwa mmisionari. Hawa wangu ni Waha wa Kasulu. Baba ni mchungaji mstaafu, mama ni nesi mkunga mstaafu, wote wana miwani, baba goti la kushoto halikunji vizuri, na walivuka ziwa Februari 2018 baba akiwa na miaka 65 na mama 61, umri ambao wenzao walikuwa wanapanda migomba na kusubiri wajukuu wakati wa likizo.

Ilianzia Nyarugusu. Wale wa Kigoma mnaijua, kambi ya wakimbizi wa Kongo kule Kasulu, ipo tangu mwishoni mwa 1996, watoto wamezaliwa mle wakakua wakazaa na wao. Mama alifanya kazi ya ukunga mle kambini miaka mingi, na baba alikuwa akienda kuendesha ibada, na mara zote alirudi nyumbani usiku akiwa amechangamka kuliko alivyoondoka. Alikuwa anatuambia wale watu wamepoteza nyumba, wamepoteza ng'ombe, wengine wamevuka ziwa na mtoto mgongoni na hawajui mume yuko wapi, alafu Jumapili wanaimba kwaya mpaka turubai linatikisika. Alisema yeye alikwenda kuwafariji na wao ndo wakamfundisha kuomba. Baadaye baadhi yao walirudi kwao, wengine wakaishia Kalemie, na kutoka huko wakaanza kupiga simu. Pasta, siye hatuna muchungaji. Pasta, mutakuya lini. Miaka ilikwenda, simu hazikukoma, na wiki ile baba alipostaafu akakubali.

Kikao cha familia kilikuwa kibaya na mi ndo nilikiharibu. Ilikuwa Desemba 2017, redioni kila siku ni Kasai, Kivu, Tanganyika, na mnapaswa kujua Tanganyika hapo ni mkoa wa Kongo, uliomegwa kutoka Katanga mwaka 2015, makao yake makuu ndo hiyo Kalemie. Waluba na Watwa walikuwa wanauana huko, vijiji vimechomwa, mamia ya maelfu ya watu wamekimbia na wengi walikuwa wamejibanza pembeni ya mji kwenye vibanda vya nyasi. Nikamwambia baba mbele ya baba zangu wadogo kwamba anampeleka mama yetu kufa. Nikasema tumewasubiri nyie maisha yenu yote, tulipokuwa wadogo mlikuwa wa kanisa, sasa mmestaafu bado ni wa kanisa, sisi wa kwenu ni lini? Baba hakujibu. Mama ndiye aliyejibu, akasema taratibu kabisa, mwanangu mimi sipelekwi na mtu, mimi naenda. Kaka yangu akamwomba basi baba atangulie peke yake aone hali, baba akakataa, akasema mchungaji akienda peke yake atakuwa mgeni, akienda na mke wake atakuwa jirani.

Sikuwasindikiza bandarini. Nalisema hapa kwa sababu ni kweli na linaniuma mpaka leo.

Nilikwenda kuwaona mara ya kwanza Agosti 2022, corona ilikuwa imetukatia njia miaka miwili. Nilipanda boti ya mizigo Kigoma jioni, juu ya magunia ya unga na mifuko ya saruji, kwa sababu vitu vingi vinavyouzwa Kalemie vinapita bandari yetu, na usiku kucha nilikuwa nimeshika kamba nikifikiria maji yaliyo chini yangu, maana ziwa hili penye kina zaidi linafika karibu mita 1,470 kwenda chini, hakuna ziwa lenye kina zaidi ya hili duniani isipokuwa Baikal. Kulipokucha nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona na nimezaliwa mkoa huu huu. Sisi Kigoma jua tunaliona linazamia ziwani, linaingia nyuma ya milima ya Kongo. Sasa hapa nimegeuka nyuma naliona linachomoza kutoka ziwani, linatoka kwetu. Nilipofika chini mama alikuwa amesimama bandarini na kitenge cha manjano, amekonda, na neno la kwanza alilonisemesha sikulielewa. Alisema, "Uko muzima?"

Hii habari ya Kiswahili lazima niieleze vizuri maana ndo kitu kilichonifungua macho. Nilikuwa nawaambia watu wazazi wangu wamepata bahati, wamekwenda umisionari sehemu ambayo lugha wanaijua tayari. Si kweli. Wale wanakula bukari, sio ugali. Kisamvu ni sombe. Maji ni mayi, watoto ni batoto, hela ni makuta, shule ni masomo, nafasi au mahali ni fasi. Sisi Watanzania tuna tabia mbaya ya kusikia Kiswahili hicho na kucheka kana kwamba wao wamekosea, na baba aliniambia kosa kubwa alilofanya mwaka wa kwanza ni kuhubiri kwa Kiswahili cha Dodoma, Kiswahili safi cha kitabu, watu wakawa wanamsifu, pasta anasema muzuri sana, na hawakuwa wanapata kitu. Yaani walikuwa wanamsikiliza kama tunavyosikiliza taarifa ya habari. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyemwita pembeni akamwambia Pasta, unasema kama mutu wa radio. Kule radio ina historia yake, wazee wengi wa upande ule Kiswahili cha Tanzania walikijua kwa kusikiliza Sauti ya Injili iliyokuwa ikirushwa kutoka Addis Ababa kuanzia 1963 mpaka serikali ya Ethiopia ilipoichukua 1977. Basi baba, na miaka yake 65, na miaka 35 ya madhabahuni, akaanza kukaa jioni na vijana wa kwaya wamfundishe kusema. Mama yeye hakufundishwa na mtu, mama alijifunzia kwenye uzazi, kwa sababu mwanamke mwenye uchungu hana muda wa kukutafsiria.

Mama kule alikuwa anapigana na kipindupindu. Kalemie ugonjwa huu hauishi, unapungua unarudi, ziwa linaonekana safi kama kioo na watu wanachota humo humo wanapooga na kufulia. Hakuwa na hospitali wala gari wala mradi. Alikuwa na ndoo, kijiko na wimbo. Lita moja ya maji yaliyochemka, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, hiyo ndo dawa ya kumshikilia mtu asikauke mpaka afikishwe kituoni, na mama aliitia kwenye wimbo wenye mapigo ya kutwanga, wanawake wakawa wanaimba kisimani, watoto wakaimba barabarani, nilipofika 2022 niliusikia kwa mtoto wa miaka kama minne anayecheza na tairi na hakujua mi ni nani. Na kwenye vidonge aliacha kabisa kusema kutwa mara tatu. Alisema jua likitoka, jua likiwa kichwani, jua likizama.

Baba yeye jambo lake kubwa lilikuwa kikombe. Kanisa lilikuwa na Waluba na Watwa, wengine wametoka kambini, na Watwa kwa desturi mbaya ya sehemu ile wanadharauliwa, hata chombo walichonywea Watwa, wengine hawakigusi, na hiyo ilikuwa kabla ya vita, sasa weka na damu juu yake. Siku ya meza ya Bwana watu walikuwa wanapanga foleni kwa hesabu, nani anywe kabla ya nani, na wengine wakifika zamu yao wanageuka kurudi kwenye benchi. Baba hakuhubiri juu ya hilo hata mara moja, nilimuuliza kwa nini, akasema ningehubiri wangesema amina na wangerudi kwenye benchi vile vile. Alichofanya ni kuchagua watu wawili wa kuandaa meza, baba mmoja Mluba aliyefiwa na mdogo wake kwenye vita na mama mmoja Mtwa aliyechomewa nyumba, kazi yao ni kuja Jumamosi jioni kuosha vikombe pamoja, kufuta, kufunika na kitambaa, kurudi nyumbani. Hawakuambiwa wapatane. Miezi ya kwanza walikuwa hawasemeshani, anaosha huyu, anafuta yule. Ilichukua karibu miaka miwili. Nilipokwenda mi nilimkuta yule baba anamsubiri yule mama njiani kwa sababu mvua inataka kunyesha na yeye ndo ana mwavuli, na kikombe Jumapili kilizunguka foleni yote bila mtu kugeuka. Nilikaa benchi la nyuma nikakumbuka maneno yangu ya kwenye kikao cha familia.

Nikiwa kule nilikuwa namfikiria sana mwanamke mmoja anaitwa Annie Hore. Mume wake Edward alikuwa baharia Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1878 na watu wa London Missionary Society, na wenzake wawili wa msafara ule, Thomson na Dodgshun, wakafia Ujiji hapo hapo ndani ya mwaka mmoja. Annie alikuja nyuma na mtoto wao mdogo, karibu miezi mitatu kutoka pwani, amekalishwa kwenye kiti cha magurudumu ambacho wapagazi walikuwa wanakibeba, akafika Ujiji Januari 1885, alafu wakavuka kwenda kukaa kisiwa cha Kavala upande wa Kongo. Ukisoma habari za watu hawa, kuja kwao utaelezwa kila kitu, mzigo ulikuwa na nini, mvua ilinyesha siku gani, nani aliugua wapi. Kuondoka kwao ni mstari mmoja tu, mwaka fulani wakarudi kwao. Waliaga vipi? Nani alilia? Funguo walimpa nani? Mi naona hiyo ndo sehemu ngumu kuliko safari yote na ndo ambayo haiandikwi, kwa hiyo ya wazazi wangu nitaiandika.

Krismasi 2023 baba alipiga simu akasema tunamaliza katikati ya mwaka. Sababu alizonipa ni macho, presha ya macho ilikuwa imemla jicho moja, na kwamba sasa yupo mchungaji kijana, mtoto wa kule kule, amemaliza theolojia Lubumbashi na amebarikiwa. Nilifurahi mno, nikaanza kupanga nyumba siku hiyo hiyo. Kumbe yeye kuondoka alikuwa ameshaanza. Januari aliacha kuhubiri, akawa anakaa benchi la tatu na mama, ananyanyuka wengine wakinyanyuka. Februari akakabidhi funguo za stoo na za sanduku la sadaka mbele ya wazee wote, wakahesabu pamoja, faranga na zile dola, maana kule dola inatembea kama hela ya kawaida ila iwe na mchaniko kidogo tu hakuna anayeipokea. Machi akakabidhi daftari. Hilo daftari nimelishika mkononi, ni kaunta buku nene la quire tatu, kila familia ina ukurasa wake, wagonjwa, wafiwa, nani ana ugomvi na nani, nani alikopa mbegu, na pembeni kwa penseli baba ameandika mambo ya kuombea. Akalitoa bila kunakili hata ukurasa mmoja.

Watu waliendelea kumfuata yeye. Usiku wanagonga, pasta tuko na shida, na yeye anawakaribisha, anawapa maji, anawasikiliza mpaka mwisho, alafu anasema shida hii ni ya mchungaji wenu, wazee wapo, nendeni. Mama aliniambia walikuwa wanatoka pale wamenuna, wengine wakasema pasta amechoka na siye. Na yeye akifunga mlango anakaa kitandani anaomba kwa majina yale yale mpaka usiku wa manane. Mama kwake ilikuwa mbaya zaidi. Alitoa mizani ya kupimia watoto, akatoa na kile kikoni cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, cha mti, alikuwa nacho tangu chuoni, akampa nesi mmoja binti wa pale. Siku tatu hakula vizuri.

Mi nilifika mwezi wa sita kusaidia kufunga mizigo na nikakuta mwaka ule ziwa limepanda, maji yameingia mitaa ya chini ya Kalemie kama yalivyoingia kwetu Kigoma, nyumba za watu zimebaki paa, na kanisani mabenchi ya upande mmoja yamehamishwa kwa sababu sakafu inatoa maji kwa chini. Mizigo yenyewe haikuwa kitu. Mabegi matatu na kiti kimoja cha kamba. Miaka sita.

Jumapili ya mwisho ibada ilianza saa tatu ikaisha saa tisa alasiri. Walileta kuku wawili, mkeka, vitenge vya doti moja wavae sare, dumu la mawese, na ndagala za kukausha gunia zima, ndagala ndo dagaa wetu hawa hawa wa ziwa hili. Kwaya nne ziliimba. Akasimama yule mzee aliyewahi kumwambia baba anasema kama mutu wa radio, sasa anatembelea fimbo, akasema maneno ambayo sitayasahau. "Pasta, siye tulizani mutazikwa hapa. Fasi tulishachagua, chini ya muembe, yako na ya Mama." Na akanyoosha fimbo dirishani kuonyesha huo mwembe, watu wote wakageuka kuangalia. Mama akafunika uso na kitenge. Baba alisimama muda mrefu bila kusema, mi sijawahi kumwona baba analia mbele ya watu, hata kwenye msiba wa bibi hakulia, siku ile alilia. Alafu akasema aksanti, aksanti sana, hiyo ni heshima kubwa kuliko zote nilizopewa. "Lakini kaburi langu likiwa hapo, mtakuwa mnakuja kuliuliza mambo ya kumuuliza mchungaji wenu." Yule kijana alikuwa amekaa pale mbele, ameinamisha kichwa, nadhani ndo alielewa siku ile ni mzigo gani umewekwa begani kwake.

Kwenye boti usiku nilimuuliza baba kama hakuwa mkali sana. Akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Alipokuwa kijana, usharika aliokulia ulikuwa na kaburi la mmisionari mmoja, mtu mwema, alipendwa kwa haki, alikufa kabla baba hajazaliwa. Na kila ugomvi uliotokea pale, wa kujenga, wa ngoma, wa wanawake kusoma neno mbele, uliishia kwa mtu mmoja kusema yule mzee asingekubali. Miaka 40 yuko kaburini na bado anaendesha kikao. Baba akasema nilijiapiza kama nitatumwa mahali nitaondoka na miguu yangu. Alafu akanyamaza akaangalia maji, na baada ya muda akasema, "Ila ule mwembe nilikuwa naupenda."

Kurudi kwenyewe. Bandarini Kigoma tulipokelewa na kaka yangu na mzee mmoja wa kanisa mwenye baiskeli. Jumapili kanisani walitajwa kwenye matangazo, baada ya tangazo la ndoa na kabla ya tangazo la harambee, tunawakaribisha wazee wetu waliokuwa Kongo, wasimame, wakasimama, wakakaa. Basi. Imepita mwaka sasa na hakuna mtu aliyewahi kuwakalisha akawauliza mmeona nini huko. Mmisionari mzungu akiondoka hapa kwetu tunachinja ng'ombe, tunamvika vitenge na mgolole, tunaita darasa kwa jina lake, na sikatai, wengi walistahili. Wa kwetu akirudi tunamuuliza kama amepata dola. Nimeulizwa hivyo na watu wazima, mzee amerudi na madini kiasi gani? KKKT, hili kanisa letu la Kilutheri Tanzania, imeundwa Juni 1963, makanisa saba yakawa moja, baba alikuwa mtoto wa miaka 11, na ndani ya umri wake yeye mmoja kanisa lililokuwa linapokea watu limeanza kutuma watu. Jambo kubwa namna hiyo, na tunalipitisha kati ya ndoa na harambee! Kutuma tumejifunza, kupokea wetu wakirudi bado. Wanahitaji kukalishwa chini na kusikilizwa, siku nzima ikibidi, na kama sharika zenu zina wazee wa namna hii nawaomba kwa moyo wangu wote mfanye hivyo wakiwa hai.

Sokoni mama anachekwa. Akisema mayi, akisema makuta, mabinti wa dagaa wanaitana waje wamsikie. Amebadilika lugha na haitarudi, mwenyewe ananiambia akijaribu kusema kama zamani anajisikia anaigiza.

Na mi mwenyewe sikuwapokea vizuri. Nilikuwa nimetengeneza kila kitu, sofa mpya, televisheni, binti wa kusaidia kazi, nimeweka na tanki la maji ili mama asichote tena maisha yake. Wiki ya pili nilimkuta amekaa kwenye lile sofa saa nne asubuhi, mikono mapajani, ameangalia ukuta, nikakasirika kimoyomoyo, nikaona hashukuru. Nikamuuliza mama unakosa nini hapa. Akafikiria, maana mama huwa hajibu haraka, akasema, "Mwanangu nyumba ni nzuri. Ila usiku hakuna anayenigongea." Miaka 40 mama yangu ameamshwa usiku na watu wanaomhitaji, na mi nilidhani zawadi ninayompa ni usingizi.

Sasa hivi anakwenda Jumanne na Alhamisi kliniki ya akina mama wajawazito ya jirani, kujitolea, amepata vitambulisho na kila kitu, na ule wimbo wa vijiko sita umeshaanza kuimbwa Bangwe kwa Kiswahili cha Kalemie. Baba anakaa barazani na kile kiti cha kamba. Jicho moja haliwezi tena, lingine linamtosha kuona ziwa.

Na kila siku saa kumi na mbili asubuhi kwa ile saa ya ukutani, ambayo nje ni saa moja na watoto wa jirani wameshakwenda shule, simu ya mama inaita kwenye WhatsApp, ni umoja wa wanawake wa Kalemie wanaomba pamoja kabla ya kwenda ziwani na shambani, wanamweka spika juu ya benchi na yeye anaomba nao.

Jumamosi iliyopita nilikuwepo. Maombi yakaisha, wakaanza kuongea wote kwa pamoja, alafu ikasikika sauti ya mwanaume, yule mchungaji kijana, anaomba kuongea na Pasta muzee. Sauti haikuwa nzuri. Kuna ugomvi umetokea, kiwanja cha kanisa kilichoingiwa na maji, wengine wanataka kuhamia juu, wengine hawataki kuuacha mwembe, watu wamegawanyika, anaomba Pasta aseme neno moja tu, wao watalifuata. Mama akageuza simu kumwelekea baba mlangoni. Baba alikuwa amesikia kila kitu. Nilimwona mkono wake umeshika fremu ya mlango, vidole vinatetemeka, na mi namfahamu, jibu alikuwa nalo, alikuwa nalo tangu maji yalipoanza kupanda. Akatikisa kichwa.

"Mwambie wazee wapo," akasema, kwa sauti ya chini ambayo simu haikuipata.

Mama akairudisha simu mdomoni. "Pasta yangu, muzee anasema bazee bako hapo," akasema, na kabla kijana hajajibu akaendelea, "Sasa uniambie, ule mutoto wa mukristo wetu wa kwa mayi, alishazaliwa? Banamuita nani?"

Baba alishaondoka mlangoni. Nilimkuta barazani amesimama, hajakaa, anaangalia ng'ambo, na midomo inatembea, nikahesabu majina mpaka nikapoteza.